Kereng'ende wa Chuma

Kwako Mama,

Wangaluka, mayu. Shikamoo. Najua atakayekusomea ni dada Mwamvua, basi na yeye shikamoo, na namwomba asiruke mahali kama alivyozoea. Mama asomewe yote, hata ya kusikitisha. Miguu imeacha kuvimba? Na hayo macho? Dada alinipigia akasema daktari wa Tabora mjini amekuona, kwamba ni presha ya macho, na mwanga uliokwisha kupotea haurudi, na uliobaki nao unaondoka polepole. Tangu siku hiyo chakula hakinishuki vizuri.

Mimi mzima wa mwili, ila nimechoka. Sikufichi. Huku Japani baridi imeingia mapema, vidole vinakufa ganzi, na chumbani sina hata mtu wa kunipa pole. Naamka, nakwenda dukani, narudi, nalala. Siku nyingine sauti yangu mwenyewe naisikia jioni tu, nikikohoa.

Uliuliza kazi yangu hasa ni nini, maana majirani hapo Kigwa wanadhani nauza mapanga. Siuzi mapanga. Upanga wa zamani wa huku una kisahani cha chuma, kadiri ya kifuniko cha birika, kinachokaa kati ya mpini na makali ili mkono usiteleze. Wahunzi wao walivitia michoro: mawimbi, kibuyu, mwezi nyuma ya majani. Panga nyingi zimeshapotea, visahani vimebaki, na watu wa nchi za mbali wanavinunua. Kazi yangu ni kukishika kimoja kimoja, kutazama kimechorwa nini, na kuandika kwa Kiingereza maana yake. Maana hizo ananifundisha mzee mwenye duka. Kwao kila kitu kina maana, hata figili.

Wiki iliyopita mzee aliniita. Mkataba wangu unaisha, na yeye anataka nibaki miaka mingine mitano. Si mtu mbaya, hajanionea hata siku moja. Akaweka mezani kisahani chenye kereng'ende aliyetandaza mabawa, akasema nikiandike, nikimaliza nimpe jibu langu. Akanieleza kwamba askari wa zamani walimpenda mdudu huyu kwa sababu huruka mbele tu, harudi nyuma. Kisha akanishika bega, akasema na mimi ndivyo nilivyo, ndiyo maana nimefika mbali.

Nilifurahi, usinicheke. Mtu aliyechoka akisifiwa analainika. Nilikaa na kile chuma mchana kutwa, na ile "ndiyo, nabaki" ilikuwa imeshafika mdomoni. Halafu nikakumbuka ulivyonisema kwenye simu, kwamba babu yako alibeba pembe za ndovu begani mpaka pwani, kwa miguu, na akarudi, sasa mimi wa kupanda ndege ndiye nimeshindwa? Ukacheka. Ukaniambia, "Sauti yako nimeishiba, Shabani. Nataka sura."

Nikakitazama tena kile kisahani, nikajikuta niko bwawani, nachunga ng'ombe wa mjomba. Mama, kereng'ende mimi nawajua. Nilikuwa nalala kifudifudi ukingoni nikiwanyemelea niwafunge uzi. Ukimsogelea uso kwa uso, hageuki. Anarudi kinyumenyume, taratibu, macho kakukazia wewe, na ukitulia anakuja kutua palepale kwenye unyasi alioruka.

Nikampelekea mzee. Nikamwambia naona uzito kuandika kwamba harudi, kwa sababu kwetu nimemwona akirudi.

"Ulimwona kwa macho yako?" akauliza.

"Kwa macho yangu. Na mama yangu, ya kwake yanazimika."

Hakukasirika. Alikifunga kile chuma kwenye kitambaa, akasema wanunuzi wanataka maneno ya askari, kwa hiyo niandike ya askari. Nikaandika. Baadaye akamimina chai, akaniuliza nataka kusafiri lini. Nikalia mbele ya mzee wa watu, aibu tupu. Mke wake akaniletea taulo.

Basi nakuja, Mama. Si likizo. Siwezi kukudanganya kwamba siogopi, maana kueleza vyuma vya Kijapani nani ana haja nako hapo Kigwa? Huenda nikaishia kwa ng'ombe walewale wa mjomba, kichwa kimeanza mvi. Na iwe hivyo. Nitafika kabla mvua za kupandia hazijashika.

Nisalimie mjomba mwenyewe, na shangazi aliyeolewa Ziba, na jirani yetu fundi baiskeli aliyetoka Ulyankulu, mwambie ile baiskeli yangu aitie mafuta. Watoto wa dada waambie wasianze kugombania zawadi, sijafunga hata begi.

Na hapa, dada, soma kwa sauti. Nasikia Mama bado anang'ang'ania kuchambua mchele mwenyewe, sinia kalisogeza hadi puani. Mnyang'anye. Mama, mchele waachie wenye macho ya kutosha. Hayo yaliyobaki usiyamalizie kwenye vijiwe na pumba. Nibakizie.

Mwanao niliye njiani,
Shabani