Unga Ulionitumia

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Bonge wetu, mtoto wa marehemu dada, meno ya mbele yameshaota? Sisi huku tunapumua. Baba mtoto anakuamkia, ingawa anajua bado umemnunia.

Mjukuu wako mpya yu hai. Nakwambia hilo kwanza ili mengine uyasome umetulia. Leo ana siku kumi na moja, na asubuhi mizani imesoma kilo moja na gramu mia saba. Ni mwepesi kuliko pasi yangu ya kazini. Nashinda nimemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, na maziwa namkamulia kwenye kikombe. Watu wananipa hongera, naitikia ahsante. Sisikii kitu, mama, si furaha wala uchungu. Nakaa tu.

Muuguzi wa wodi hii ni mama mtu mzima, mpole lakini haachi kitu. Aliniuliza kliniki nilikwenda mara ngapi, nyumbani nani anavuta sigara, naelewana vipi na mume, kazini nasimama saa ngapi. Nikamwambia napiga pasi mashuka ya hoteli asubuhi mpaka jioni, na kiti hakuna. Akaguna, akaandika. Alipofika kwenye chakula, nikasema nilikula vizuri.

Nawe siku ile kwenye simu ulimwambia baba mtoto kwamba mwanamume asiyeweza kulisha mke mwenye mimba angeoa kinyago. Alinyamaza kwa sababu anakuheshimu, na kwa sababu hajui lolote. Kila jioni alikuwa akirudi na mayai. Aliniona nikiondoka nayo asubuhi kwenda kazini, akaridhika.

Mayai yale aliyala mwenzangu anayekunja mashuka. Na ule unga wa uji ulionitumia, mifuko yote minne, nilimpa yeye. Amenawiri mpaka watu wanamuuliza atajifungua lini. Mimi nilishindia chai ya rangi, na jioni nikionja vijiko viwili mbele ya mume wangu.

Si kwamba sikuwa na hamu. Niliogopa kufa. Tangu dada alipofariki akimzaa Bonge, kilo nne na nusu, nyumbani hatukuwa na neno jingine ila kwamba mtoto alikuwa mkubwa mno. Nikaamua wangu awe mdogo, apite, nami nibaki. Nilimnyima chakula kwa makusudi, mama. Ni mimi.

Juzi nilimwambia muuguzi yote. Hakunigombeza. Aliuliza dada alikufaje, nikamweleza kwamba mtoto alishatoka na kulia, kisha damu ikakataa kukoma, na gari likachelewa. Akasema damu namna hiyo humtoka hata aliyezaa kitoto kidogo, na kwamba dada alihitaji kuwahiwa. Kujinyima kwangu kusingenikinga na kitu.

Kwa hiyo mtake radhi mkweo. Mimi nitamwambia mwenyewe leo, akileta chupa ya uji. Siku hizi naumaliza wote.

Nisalimie majirani. Bonge mpe salamu zake peke yake. Miaka saba nimemtazama kama aliyemuua dada, hata gauni nilimtumia kwa shingo upande. Dada alikuwa amemchagulia jina kabla hajazaliwa. Naomba tumwite hilo.

Ni mimi,
kitindamimba wako