Askofu Atapanda Tukuyu

Ndiyo Mama, atapanda. Tena akiwa na bibi harusi, wasimamizi na keki ya ghorofa mapajani. Uliuliza kwenye ile sauti uliyonitumia kwa simu ya Sekela: "Hivi mwanangu, huyu Askofu, gari la baba yako, linaweza kufika Tukuyu bila kuchemka? Kuna mteja anauliza." Jibu ndilo hilo. Vifaa vyote vimo ndani ya boksi hili, na barua nimeiweka juu kabisa ili mkutane na mimi kabla hamjakutana na vyuma.

Sasa salamu. Mugonile, Mama. Mgongo unasemaje? Kakao imekauka, au mvua bado inawachezea hapo Ngana? Mimi mzima, nimenenepa kidogo, ila ni unene wa mkate, ukinibonyeza nabonyea. Johanesbagi baridi imeingia. Asubuhi ukishika spana inang'ang'ania mkono kama mchumba mpya. Nalala palepale gereji, nyuma ya magari, na ukiniuliza habari za mjini nitakupa habari za matairi. Sekela mdogo wangu, wewe unayesoma, soma kwa sauti na usiruke kitu. Ukitaka kulia, malizia kwanza.

Mama, huyo mteja namjua. Ni Atupele.

Usimgombeze Sekela, siye aliyeniambia. Atupele alinipigia mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, nimelala chini ya gari la mzee mmoja wa hapa, anataka likimbie kama lilivyokuwa likikimbia yeye akiwa kijana. Simu ikalia, nikaipokea hivyohivyo na mafuta yananidondokea shingoni.

"Ipyana, naolewa," akasema.

Nikasema, "Hongera. Na nani? Namjua?"

"Humjui. Mwalimu wa Tukuyu."

"Basi mwambie akufundishe kupika ugali, maana ule wako ungeweza kuzibia rejeta."

Akacheka, Mama. Unakijua kicheko chake, kinaanza puani. Halafu kikageuka katikati, nikasikia analia. Mimi nikaendelea kukaza nati, sijui nakaza nini, baadaye nilikuta nimekaza nati ya kufungua.

Akasema kaka wa bwana harusi ana gari jeupe la kisasa lenye AC, yeye kalikataa. Anamtaka Askofu. Nikamuuliza kwa nini ajitese na gari lenye umri wa baba zetu. Akasema, "Kwa sababu sijawahi kukaa mbele."

Ni kweli, hajawahi. Unakumbuka zile siku za soko la Lyulilo? Baba anaendesha, mimi pembeni yake na kifua mbele kama waziri, na Atupele nyuma amezungukwa na vyungu vya marehemu mama yake, kimoja katikati ya miguu, viwili amevikumbatia, majani makavu ya migomba mpaka kwenye nywele. Baba akifika kwenye shimo anauliza, "Huko nyuma mko wangapi?" Naye anajibu, "Tuko wazima wote, Tata." Nilimwambia siku nitakayomuoa atakaa mbele, na vyungu vitatembea kwa miguu.

Nikaja huku kutafuta ng'ombe wa kupeleka kwa baba yake. Unajua yaliyofuata. Makaratasi yangu yakawa ya kuungaunga, nikitoka hapa sirudi tena, na nikirudi mikono mitupu hao ng'ombe wanatoka wapi? Kila nilipopata kidogo nilituma kifaa cha Askofu, ili siku nikifika gari liwe tayari. Atupele amesubiri, Mama. Amesubiri mpaka wadogo zake wakaolewa mbele yake. Sina neno la kumlaumu. Nimelitafuta sana, maana lingenisaidia kulala.

Nina mshkaji hapa gereji, Mmalawi, anaitwa Chikondi. Siku ninafunga boksi alikaa kwenye tairi ananiangalia. Feni la kupoza rejeta lililomo humu nililinunua zamani, kwa ajili ya siku yangu mwenyewe. Nikaliunga kwenye betri kulijaribu, likapuliza mpaka kofia ya Chikondi ikaruka.

Akasema, "Bwana, hilo zima sana. Tuma lile bovu la kwenye skrapa."

"Kwa nini?"

"Gari lichemke mlimani, harusi iharibike."

"Halafu?"

"Halafu ufurahi."

"Nifurahie wapi? Hapahapa? Na wewe?"

Akaenda kuokota kofia yake. Lakini sikufichi Mama, nililishika lile bovu. Nilikaa nalo kidogo. Halafu nikamwona Atupele amesimama kando ya barabara na shela lake, jua linampiga, watu wanapita wanacheka, "Askofu kaanguka!" Nikalitupa. Lililomo humu ni lile zima, nimelifunga kwenye shuka langu lisigongwe.

Sasa Lusajo, binamu yangu, dereva wa Askofu, sogea hapa usikilize. Najua umefika kwa kuwa umesikia harufu ya chai. Feni la sasa linazungushwa na injini. Mlimani Askofu anapanda polepole, na feni nalo linazunguka polepole, kwa hiyo pale anapohitaji upepo ndipo anapokosa. Hili ni la umeme, halijali mwendo, na injini inatua mzigo, utaona anavyokuwa mwepesi. Ile altaneta niliyotuma mwanzo inalitosha. Usiliunge moja kwa moja kwenye betri kama ulivyounga redio, waya utaungua. Pitisha kwenye fyuzi, nimeichora nyuma ya karatasi hii.

Rejeta itoe, uisuuze mpaka maji yatoke meupe. Platini zitupe, weka kile kidude cheusi kilichomo humu kwenye distributa, moto wa plagi utakuwa mkali na hutashuka tena kusugua na msasa mbele za wageni. Kabureta usafishe kwa petroli, usitumie mate. Lile keria la juu ling'oe, lina uzito wa mtu mzima na halina kazi tangu ulipoacha kubeba mchele. Hayo ndiyo mambo ya kumpa nguvu mzee, mengi yake ni bure. Watu hapa wananunua vitu vya bei ya nyumba, na gari bado linabeba takataka kwenye buti.

Na breki. Pedi mpya zimo kwenye soksi. Kila anayekuja hapa anataka mwendo, wa breki simwoni. Ukishamfikisha bibi harusi utashuka mlima na Askofu mwepesi, na wewe mwenyewe mwepesi kwa pombe za harusi. Funga pedi kwanza, feni baadaye. Na ukimwendesha yule dada, kwenye mashimo punguza kama Baba alivyokuwa akipunguza. Usiniulize kwa nini, na vyungu havimo.

Nisalimieni shangazi wa Itungi, mwambieni dawa ya magoti niliyomtumia ni ya kupaka, siyo ya kunywa. Msalimieni mzee wa kanisa, jirani, aliyekuwa akinifukuza kwenye migomba yake. Sekela, ndaga fijo kwa kusoma. Najua umeruka ile ya mzee wa kanisa, rudia.

Mama, imebaki moja. Atupele aliniambia kwamba alipokuja hapo kuomba gari ulifunga mlango, ukamwacha azungumze na Lusajo uani. Najua ulifunga kwa ajili yangu. Nimelia kwa ajili ya mlango huo kuliko kwa ajili ya harusi.

Basi tufanye biashara, mimi na wewe. Upande wangu, feni na vyote vilivyomo humu ni bure, ni zawadi yake, na asiambiwe. Siku hiyo sitapiga simu kuuliza shela lilikuwaje. Halafu nakuachia ile kazi unayoitamani miaka yote, ya kunitafutia mtu. Hata yule binti wa kwaya anayecheka kama pampu ya baiskeli, mlete kwenye simu, nitamsikiliza.

Upande wako, uvae kitenge chako kizuri, uingie ndani ya Askofu pale Lyulilo kwao Atupele, uende naye mpaka Tukuyu. Mama yake hayupo wa kumshika mkono, umshike wewe. Mkifika umkabidhi kwa watu wake kama ambavyo ungemkabidhi Sekela, na upige vigelegele mpaka mwalimu aogope.

Ukikubali, Lusajo afunge feni kesho. Ukikataa, boksi libaki hivyohivyo, ila utafungua mlango umwambie Atupele wewe mwenyewe, mnatazamana, kwamba Askofu hapandi.

Mwanao,
Ipyana