Nimembeba Mama Mkwe Hifadhini, Sasa Mke Kaenda Kwao

Mama Paskalina, shikamoo. Nisaidie mama yangu kabla sijaharibu zaidi, maana tangu wiki iliyopita situlii, nikikaa nasimama, nikisimama nataka kuondoka, na pa kwenda sina.

Naitwa Boaz, nyumbani ni Ibadakuli hapa Shinyanga, lakini kazi yangu ni karasha la kusaga mawe ya dhahabu kule Nyarugusu, kwa hiyo familia naiona kwa kuibia, na ndiyo maana likizo hii ya shule nikasema tutembee sote, nikachukua Kosta langu la zamani nikang'oa viti, fundi akaweka vitanda, jiko la gesi, tanki la maji na mapazia, tukapanga tuingie Serengeti kwa lango la Ndabaka, kisha tugeuze tupitie Geita hadi Burigi-Chato. Mke wangu Limi akasema tumchukue na mama yake, amezeeka bila kumwona simba, nami nikakubali kwa moyo mweupe.

Sisi ni Wasukuma, mama, unajua mkwe na mama mkwe wanavyoheshimiana, chumbani kwake siingii, nikimkuta njiani nampisha, lakini nikajiambia hili ni gari, mbona basi la Mwanza tunapanda pamoja? Na kweli mchana kutwa lilikuwa gari, yeye kakaa nyuma na mjukuu wake Noela wanahesabu pundamilia na kucheka, mimi nimeshika usukani nimefurahi. Jioni tukaegesha kambini, Limi akatandika mashuka, mama akaona kitanda changu na mto wangu, basi hapo hapo likawa nyumba. Akashuka. Akasema, "Mimi nilale paa moja na mkwe? Bora fisi." Akaketi kwenye majani na kanga yake, Limi anambembeleza, mtoto analia, askari wa hifadhi anasema hakuna kulala nje, na fisi wenyewe tunawasikia wale pale.

Nikapandwa na hasira na woga kwa pamoja, Mama Paskalina, nikamnyanyua. Nikambeba mama mkwe wangu kama gunia la mpunga, anarusha mateke, anamlilia mama yake kwa Kisukuma, "Mayu! Mayu wane!", wazungu wametoa vichwa kwenye mahema, nikamwingiza ndani nikafunga mlango, halafu mimi nikaenda kulala kwenye jiko la kambi, lile lililozungushiwa wavu wa kuzuia wanyama, pamoja na wapishi wa watalii. Asubuhi mama kajifunika uso. Tukageuza gari, hata simba hatukumwona.

Nikarudi Nyarugusu, wenzangu pale karashani, wengi wao wa huku huku Shinyanga, wakaniuliza habari za safari, nikawasimulia kidogo tu, tukacheka, ndiyo mambo ya vijiweni, na niliporudi nyumbani nikakuta Limi kaondoka na mtoto kwenda kwa mama yake Kambarage, na simu yangu hapokei. Noela kanipigia kwa simu ya jirani, "Baba, bibi haendi tena kusali jumuiya, wanawake wanamcheka." Sasa mimi nimekosa nini? Si niliokoa roho ya mtu? Kila siku nawasha hilo gari naenda Kambarage, nazunguka mtaa wao, narudi. Nafikiria nimchukue Noela tumalizie Burigi wawili, huenda mama yake atatufuata. Nimchukue?

Boaz, Ibadakuli

Boaz, marahaba. Mtoto usimchukue. Nimeanza na hilo kwa sababu najua hapo ulipo ufunguo wa gari uko mkononi.

Pole. Naamini uliogopa, na fisi si mnyama wa kufanyiwa mzaha. Lakini ala! Jiko lenye wavu ulilijua, wapishi umelala nao, usingizi umeupata. Miguu iliyokupeleka huko baada ya kumbeba ilishindwaje kukupeleka kabla? Mama alikataa kitu kimoja tu, paa moja na wewe. Ungesema, "Mama, ingia ulale na binti yako, mimi natoka," yangeisha pale pale na kesho yake mngemtafuta simba wenu.

Hata hivyo, kumbeba kungesameheka, maana fisi ni fisi, wazee wangeelewa. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kosa lenyewe umelipitisha mbio nisilione. "Nikawasimulia kidogo tu." Kidogo! Kidogo hicho kimetoka Nyarugusu hadi kwenye jumuiya ya Kambarage, na wewe unaniuliza umekosa nini? Wale wazungu hawamjui mama mkwe wako wala hawatamwona tena. Aibu yake ilikuwa yenu wa garini, mngeizika. Wewe ukaitoa ukawagawia wanaume wapate cha kuchekea. Umemvua nguo mama wa mkeo, Boaz, tena mchana kweupe, na hakukuwa na fisi wa kumsingizia.

Sasa sikiliza. Acha kuzunguka mtaa wa watu, unawatia kiwewe. Nenda kwa mshenga aliyekuposea, aende yeye kwa wazee wa upande wa mkeo aulize unatakiwa kutoa nini, nawe ukitoe bila kubishana. Wakitaja mbuzi, peleka mbuzi. Kwa mama mwenyewe usikanyage mpaka uitwe. Kisha urudi Nyarugusu, pale pale karashani, wakiwepo wale wale, uwaambie: "Ile habari ya mama mkwe wangu niliisema kwa kicheko, nimemkosea, na atakayeitaja tena ananitukana mimi." Watakucheka. Waache wakucheke wewe, ni zamu yako. Tena uwaombe wakawaambie hivyo hivyo wake zao, kama walivyowapelekea ile ya kwanza.

Limi mwandikie ujumbe mmoja wa kukiri kosa, usiwe na "lakini" ndani yake, halafu unyamaze. Na mkijaliwa kusafiri tena na mama, beba hema, na wa kulala humo ni wewe.

Umeniuliza kama mkeo atakufuata ukimchukua mtoto. Hatakufuata. Limi hajakimbia ndoa, yuko kule kwa sababu mama yake anaogopa kutoka nje bila mtu wa kumshika mkono. Atarudi siku mama atakapokwenda jumuiya peke yake.