Malkia Amefika Cheptais

Kitale, Jumanne usiku

Na nilikuwa karibu kumjibu vibaya yule mama mteja wa kule Cheptais! Amenunua mtandaoni jedwali langu la kompyuta la kuweka rekodi za maziwa, na leo asubuhi akanipigia kwa hasira. "Mwanangu, hii kitu yako inakataa ng'ombe zangu. Nikiandika Nafula, inakuwa nyekundu."

Lazima iwe nyekundu. Nililitengeneza lipokee nambari za hereni wanazovalishwa ng'ombe sikioni tu, kama kwenye mashamba makubwa. Nikaanza kumweleza, akanikatiza. "Nambari ya nini, bana? Si ng'ombe ana jina?"

Kilichoniudhi ni kwamba alisema kweli. Hata hapa kwetu hakuna anayemwita ng'ombe kwa nambari.

Nikashinda nikirekebisha fomula moja baada ya nyingine. Kwenye mstari wa mfano nikamweka Malkia, ng'ombe wa mama yangu, na maziwa yake vile yalivyo, nikamtumia mteja. Jioni simu ikalia tena, ni yeye. Jedwali limekubali, na wanawake wa kikundi chao wanalitaka pia. "Lakini huyu Malkia ni wa nani, anatoa maziwa hivi?"

Mwezi ujao huenda nisiuze hata moja, najua. Lakini leo...

Nilimsimulia mama, ambaye siku zote husema kazi yangu ni kukaa tu. Alichukua ndoo ya kukamua, akatoka, nikamsikia zizini akisema polepole, "Malkia, ati unajulikana mpaka Cheptais. Mtoto wangu amekuandika."