Gari lililokataa kuzimwa

“Zima gari!” “Nimezima!” “Mbona linanguruma?” “Sijui!”

Mwenzangu, hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifokeana na mume wangu sasa hivi, ufunguo wa gari ukiwa mkononi mwake. Mkononi! Na injini inazidi kupandisha kelele.

Unakijua kile chuma cha kusukuma hewa, supachaja, alichokichomoa kwenye gari bovu ili kulipa nguvu gari letu la dizeli lililochoka? Leo amekifunga. Kina alama ya mwisho ya oili, yeye akajaza mpaka pomoni, eti asikibanie. Oili ikavujia kwenye injini, injini ikanogewa, ikawa inajiendesha kwa oili hiyo.

Na mama yake yumo kiti cha nyuma! Alimwalika awe abiria wa kwanza. Moshi umetanda uani, mlango wa gari umekwama kama kawaida yake, na mama mkwe anauliza, “Mbona hatuondoki?”

Nikakimbilia jikoni, nikachukua ubao wa kukatia vitunguu, nikaziba tundu la kuvutia hewa. Injini ikakohoa, ikafa. Ubao wa vitunguu, mwenzangu!

Unajua mwanamume alisema nini? “Lakini umeisikia nguvu yake?” Umeisikia nguvu yake! Eti kesho atapunguza oili kidogo ajaribu tena.

Nikaingia tena jikoni. Nikarudi na kisu, nikaukata mkanda unaozungusha hicho chuma, mbele ya macho yake. Mama mkwe akachungulia dirishani: “Katakata vipande, mwanangu. Huyo namjua, ataunga.”

Nimekata vipande saba.