Soketi Kwenye Usukani

Alhamisi, 2 Mei

Barafu imeondoka ziwani. Nimeitoa pikipiki gereji. Teke la tatu — ikawaka! Ina zaidi ya miaka hamsini, hii pikipiki yangu ya Kiingereza, na bado inanguruma kuliko dude jipya la Rudy Prebil linaloongea kama redio. Hakuna mtu ukanda huu wote wa machimbo anayeweza kuiwasha isipokuwa mimi. Wamejaribu. Mmoja ilimvunja kifundo cha mguu.

Denise alisikia mngurumo kutoka nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara. Akaja na slipa kwenye tope. Baba, tulikubaliana! Mimi sikukubaliana na mtu. Ati mwaka jana nilipotea, polisi wakanitafuta. Sikupotea! Nilichagua njia nyingine. Ikawa ndefu.

Mwaka huu sikosi. Arvid Maki amekufa Februari, apumzike, kwa hiyo sasa mimi ndiye mkubwa wa wote. Jumapili ya tatu ya Mei mchungaji anabariki pikipiki ufukweni mwa Ziwa Superior. Msafara unatoka kanisani Pine Hollow saa nne asubuhi, na mkubwa kwa umri ndiye anaongoza. Hakuna anayempita. Hata akienda mwendo wa trekta, hakuna anayempita! Nimekula moshi wa Arvid mpaka nikaota mvi. Sasa wale wangu.

Nikikosa mimi, anaongoza Rudy. Nimemzidi miezi minne.

Ijumaa, 3 Mei

Denise kaja na masharti. Nitabeba simu, iwe imewaka muda wote. Yeye kwenye simu yake ataniona kama kidoti cha kijani kinachotembea barabarani. Kidoti kikizimika nikiwa njiani — nampa ufunguo wa pikipiki, basi, mambo yameisha. Nikamuuliza kama mama yake alimzaa binti au askari jela. Akasema alizaa mtu anayetaka kumzika baba yake akiwa mzima, si vipande.

Nikasema sawa. Sikukaa sana darasani lakini neno langu ni neno.

Simu yenyewe aliyonipa ni yake ya zamani. Betri imechoka kuliko goti langu. Nimeipima: nikifika njia panda ya machimbo ya chini, imekufa. Na Pine Hollow ni mbali zaidi ya hapo.

Ananiona mjinga huyu. Alijua!

Jumatatu, 6 Mei

Dawa imepatikana. Soketi! Ile ya duara kama ya kuwashia sigara kwenye gari. Naifunga kwenye usukani, nachomeka simu, inakula umeme wa pikipiki yenyewe njia nzima. Denise atakodolea kidoti mpaka macho yamuume.

Nimekunywa kahawa na Rudy. Akaniona na kifurushi. Soketi? Mzee, utachomeka kibaniko cha mkate? Akaniambia dude lake lilitoka nazo mbili kiwandani, moja ya simu — ingawa simu hana, anajivunia — na moja ya fulana yake ya umeme. Ndiyo, fulana. Ina nyaya ndani, inampasha tumbo moto akiendesha. Nikamwambia mimi tumbo langu lina moto wake tangu kuzaliwa.

Ati nimtafute fundi wa umeme. Fundi! Nimefunga nyaya za mashine za kuchimbia chuma, kubwa kama kanisa, chini ya shimo la mgodi, theluji inanyesha.

Jumatano, 8 Mei

Pikipiki zote za dunia, waya hasi wa betri unafungwa kwenye fremu. Hii yangu imegeuzwa kichwa chini: chanya ndiyo iko kwenye fremu. Vijana hawajui, wanaunguza. Mimi najua. Waya mwekundu wa soketi nikaupeleka chanya, mweusi hasi, fyuzi katikati. Safi kabisa. Nikaifunga soketi kwenye usukani kwa bano lake la chuma, nikakaza mpaka ikalia.

Nikaunga betri. Pa! Fyuzi imekwenda.

Nyingine. Pa!

Fyuzi mbovu za siku hizi. Karatasi tupu. Nikachukua karatasi ya fedha ya bazoka ya kutafuna nikaviringisha pale mahali pa fyuzi — tulifanya hivyo tukiwa vijana, tukavuka majimbo matatu. Nikaunga betri.

Haikusema pa. Ilinyamaza. Kisha moshi! Waya umeyeyuka kama siagi, umeniachia mstari kwenye kiganja. Rangi ya tanki imepata baka. Denise alikuwa dirishani kwake, nimemwona. Hakuja. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, asipokuja.

Soketi ni mbovu. Nitairudisha dukani.

Alhamisi, 9 Mei

Duka hawakubali. Wameichomeka kwenye betri yao pale kaunta na taa ikawaka. Nikawaambia betri yao ndiyo ya ajabu.

Rudy kaja jioni. Amesikia harufu au amesikia maneno, sijui. Kachutama pale gereji na matako yake makubwa, kaangalia, kaanza kucheka mpaka akashika tairi asianguke.

We kichwa jiwe, anasema. Nyaya zako ziko sawa. Lakini hilo gamba la nje la soketi, la chuma, ni hasi. Umelifunga kwenye usukani. Usukani wako ni chanya! Umewakutanisha mwenyewe, unashangaa wanapigana.

Nikamwambia nilijua. Nilitaka kuona kama na yeye anajua.

Akacheka zaidi. Akasema aliwahi kuwa na pikipiki kama yangu, akaunguza vilevile, mkewe akaiuza akanunua godoro. Akanipa mkono kuinuka. Sikuhitaji mkono. Niliushika tu.

Jumamosi, 11 Mei

Chuma kisiguse chuma. Basi! Nimekata kipande cha fimbo ya hoki, mti mgumu. Nimekitoboa, nimekaza soketi ndani yake, nje nimekivika mpira wa tyubu ya baiskeli, ndipo nikakifunga kwenye usukani. Waya mpya. Fyuzi halali.

Betri. Kimya. Kimya kizuri.

Nikachomeka simu. Imewaka, inakula! Nimepiga kelele peke yangu gereji kama kichaa. Nikamwita Denise aje aone. Kaangalia kile kipande cha mti muda mrefu, akakigusa kwa kidole. Nilidhani atasema kazi nzuri. Akasema: kidoti kikizimika, Baba.

Hakitazimika.

Akaniuliza kiganja kimepona. Nikakificha mfukoni.

Alhamisi, 16 Mei

Nimeijaribu mpaka njia panda na kurudi. Simu imerudi imeshiba kuliko ilivyoondoka! Denise amenionyesha kwenye yake: mstari mzima wa njia niliyopita. Nikamwambia umeona nilivyonyooka? Kacheka. Muda mrefu sijamsikia akicheka.

Mtambo wa umeme wa pikipiki hii ni mdogo, lakini. Nikiwasha taa kubwa na simu inakula, taa inafifia. Kitu kimoja unakibeba, viwili unalalamika. Kama mimi.

Jumamosi, 18 Mei

Redio inasema kesho mvua ya theluji. Mwezi wa tano! Denise amekuja kuniambia kwa sauti ile ya hospitali. Nikamwambia mimi nimezaliwa kwenye theluji, kwenye sauna, mkunga alichelewa. Akasema hilo ameshalisikia.

Nimeng'arisha tanki. Baka halitoki. Liwepo.

Jumapili, 19 Mei

Naandika nimekaa juu ya pikipiki, imesimama, inanguruma. Mkono wa kulia umeshika aksileta isishuke. Naandika na wa kushoto — mwalimu alinichapa sana kwa huu mkono, leo umefaa.

Niliondoka mapema. Matone ya barafu usoni, raha tupu. Kidoti kinatembea. Baada ya kilima cha msitu nikaona dude la Rudy kando ya barabara, limezima kabisa. Hakuna taa, hakuna sauti, hata ile redio. Kompyuta yake imekataa. Rudy kakaa mtaroni amejikunja. Nikamtania: kimetokea nini, kibaniko kimeungua? Hakujibu tusi. Hapo ndipo nikaogopa. Rudy hajawahi kuniachia tusi bila jibu.

Midomo ya bluu. Kalowa mpaka ndani, fulana yake ya moto imekufa pamoja na dude. Hajui amekaa muda gani. Barabara tupu, Jumapili. Nyuma yangu hawezi kukaa, mikono haishiki kitu.

Nikamleta ubavuni mwa injini, nikamvika koti langu la mvua. Haitoshi, anatetemeka meno yanagongana. Waya wa fulana yake unaingia kwenye soketi yangu. Nimeuona na yeye ameuona. Akaniangalia. Akasema, kwa shida: acha, mzee, kidoti chako. Denise amemwambia! Wanazungumza juu yangu hawa.

Nikachomoa simu.

Betri yake ilibaki kimstari chekundu tu, taa kubwa imekula umeme njia nzima. Nikampigia Denise. Baba, mbona umesimama? Nikasema Rudy — na ikafa. Hapo hapo. Neno moja tu ndilo limemfikia.

Nimezima taa, umeme wote uende kwenye fulana. Nikishusha aksileta kidogo fulana inapoa, naona kwa uso wake. Kwa hiyo sishushi. Kipande cha mti kimeshika, hakuna moshi.

Rangi inamrudia. Ameanza kuongea. Kasema saa nne wanaondoka, nenda, usipofika ataongoza yule Skip mwenye pikipiki ya magurudumu matatu. Nikasema aongoze. Kasema mimi ningeganda ungeongoza bila mpinzani, umekosea hesabu. Nikamwambia nyamaza, maneno yako yanakula umeme.

Kacheka. Meno bado yanagongana, lakini kacheka.

Saa nne imepita.

Kuna taa za gari zinashuka kilima. Moja ya kushoto imefifia, kama ya gari la Denise. Anakuja mbio, anateleza kwenye kona. Neno langu ni neno, ufunguo uko hapa mbele ya goti, ataukuta. Lakini fulana bado inakula.

Apige honi anavyotaka. Sizimi.