Leseni ya Salvatori

Jumatatu, 2 Juni. Nyamugari, Gitega
Nimeshona soli sita za viatu tangu asubuhi. Mgongo unauma. Mke wangu Konsolata kaniletea simu nione: Muyinga wanamtukuza kaka yake Salvatori Jumamosi. Mchezaji wa kwanza wa timu yao kulipwa mshahara. Picha itatundikwa uwanjani, jina chini yake. Uso ule ni wangu. Goti lenye kovu ni langu. Mshenzi.

Jumanne, 3 Juni
Nilirudi kutoka Tanzania bila karatasi hata moja. Salvatori alikuwa na leseni ya mpira na miguu mizito kama kuni. Tajiri wa timu akaniambia chezea leseni hiyo, nani atajua? Misimu sita nikafunga mabao kwa jina la shemeji. Yeye jukwaani, anakula karanga.
Konsolata anasema nimwache kaka yake, ana kisukari. Chakula alichonipikia sikukigusa.

Alhamisi, 5 Juni
Nimempigia Salvatori. Nataka jina langu chini ya uso wangu, basi.
"Mi niko na karatasi," kasema. "We uko na nini, shemeji?"
Akakata. Ndipo jibu likanijia: nina mguu wa kushoto, mbwa wewe.

Ijumaa, 6 Juni
Konsolata kaficha viatu vyangu nisisafiri. Kumfichia fundi viatu! Nitavaa vya mteja.

Jumamosi, 7 Juni. Muyinga
Hotuba ndefu. Salvatori ndani ya suti. Wakampa apige penalti ya heshima. Kapiga kwa kulia, mpira ukafia njiani. Watu wakacheka, wakasema uzee. Hakuna aliyekumbuka kuwa Salvatori wa mabao alipiga kwa kushoto. Niliwachukia wote.
Nikainuka kwenda kushika kipaza sauti. Muuza parachichi mmoja, mwanamke wa umri wangu, akanivuta shati. Alikuwa akitazama matege yangu.
"Salvatori," kasema. "We ndiye Salvatori. Yule pale ni nani?"
Nikafungua kinywa nimtajie jina langu. Lingemwambia nini? Uwanja ule haujawahi kulisikia.
Nikamwitikia. Naam.

Jumapili, 8 Juni. Gitega
Mvua. Viatu vya mteja nimevifuta matope, nikavipaka rangi.
Konsolata kauliza kama nimemtukana kaka yake. Sikumtukana. Bado namchukia. Akavuta viatu vyangu kutoka mvunguni, akaviweka mlangoni.
Kuna aliyekutambua? Mmoja, nikasema.
Akauliza: alikuitaje? Nikaomba chai.